Simu Iliyotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waranti, Ukaguzi na Matengenezo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, ambako simu zilizotumika kutoka Dubai, Uingereza na Marekani zinauzwa kaunta moja na simu mpya. Aliye Nairobi au Mombasa atakuta mengi ni yale yale. Sheria inapotofautiana tumesema.

Simu iliyotumika ina waranti ya kampuni iliyoitengeneza?

Inaweza kuwa nayo, ila ni mabaki. Waranti huhesabiwa tangu siku simu ilipouzwa mara ya kwanza. Haianzi upya kila simu inapobadilisha mwenyewe. Apple hutoa mwaka mmoja, na iPhone nyingi za "used" zimeshauvuka kabla hazijafika Kariakoo. Muuzaji akikuambia "hii bado ina waranti ya Apple", fungua Settings, General, About, nakili serial namba, uiingize mwenyewe kwenye checkcoverage.apple.com. Jibu linatoka pale pale.

Kwa Tecno, Infinix na itel vituo vya huduma ni vya Carlcare, na waranti iliyozoeleka ni miezi 12 na mmoja wa nyongeza. Pakua programu ya Carlcare, weka IMEI (namba ya utambulisho ya simu yako), usome tarehe.

Hata muda ukiwa haujaisha, waranti ya kampuni inabeba kasoro ya kiwandani tu. Kioo kilichopasuka, simu iliyoingia maji, simu iliyofunguliwa na fundi wa nje au iliyoflashiwa programu isiyo rasmi, vyote hivyo havimo.

Muuzaji anasema simu ina "waranti ya Dubai". Inanisaidia nini hapa?

Kwa kawaida, hakuna. Kampuni nyingi hufunga waranti kwenye nchi au ukanda simu ilikouzwa, na kituo cha hapa kinaweza kukataa kuipokea au kukutoza kama mteja wa kulipa. Kama huna mtu wa kuirudisha Dubai, ihesabu simu hiyo kuwa haina waranti ya kampuni na upatane bei ukiwa na msimamo huo.

"Refurbished" maana yake ni nini hasa?

Inategemea nani anasema. Apple wenyewe huuza simu walizozikarabati wakazipa waranti mpya ya mwaka mmoja. Hizo zinatambulika: kwenye About, Model Number inaanza na herufi F. Ikianza na M ni simu iliyouzwa mpya dukani, N ni iliyotolewa na Apple kama mbadala wa simu mbovu, P ni iliyochongwa jina la mteja.

Madukani mwetu neno hilo mara nyingi lina maana ya simu iliyovishwa kava jipya na pengine betri na kioo cha kopi, ikatiwa kwenye boksi lililochapishwa upya. Boksi zuri lisikupumbaze. Linganisha IMEI ya boksi na ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Kwenye iPhone nyingi kuanzia 6s hadi 13, IMEI imechongwa pia kwenye trei ya laini. Zikipishana, ujue kuna kitu kimebadilishwa, na muuzaji ana haki ya kukueleza na wewe una haki ya kuondoka.

Duka linatoa waranti yake ya siku 7 au mwezi. Iandikweje ili iwe na maana?

Hii ndiyo waranti utakayoitegemea, kwa hiyo ndiyo ya kuipigania. Kusema "tupo hapa hapa, ukiwa na shida njoo" si waranti. Omba karatasi yenye maneno ya namna hii:

"Imeuzwa Samsung Galaxy A54, GB 128, RAM GB 8, nyeusi. IMEI 1 na IMEI 2: (tarakimu 15 kila moja). Imetumika, kioo na betri havijabadilishwa, ina mkwaruzo kona ya chini kulia. Waranti siku 30 kuanzia leo kwa mtandao, chaji, spika, maiki, kamera, tachi na simu kujizima. Haihusu maji wala kioo kuvunjika. Isipotengenezeka ndani ya siku 5, duka litatoa simu nyingine ya thamani hiyo au litarudisha fedha yote. Jina la duka, TIN, saini, tarehe."

IMEI imo kwa sababu bila hiyo utaambiwa simu uliyoileta siyo waliyokuuzia. Sentensi kuhusu kioo na betri imo kwa sababu ni ahadi: ikigundulika baadaye kioo ni cha kopi, una maandishi yao mkononi. Na kikomo cha siku 5 kimo kwa sababu waranti nyingi hufa kwenye maneno "fundi bado anaiangalia", wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku 30 zinaisha simu ikiwa dukani kwao. Kama wanakubali, ongeza kwamba siku simu inapokuwa kwao hazihesabiwi.

Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) pamoja na karatasi hiyo. Risiti ya mkono isiyo na TIN haikufikishi mbali. Na kama umepelekwa na winga, yaani dalali anayewapeleka wateja madukani, elewa kwamba winga siye duka. Atakayepokea hela ndiye atakayeandika na kusaini; ukimlipa winga barabarani, waranti yako ni namba yake ya simu.

Kwenye risiti wameandika "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Ndiyo sheria?

Ni msimamo wa duka. Tanzania Bara ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Ila ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ukishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona haitakulinda: huwezi kurudi kesho ukilalamikia ufa uliokuwa wazi. Kasoro iliyojificha, kama mazabodi (bodi kuu ya simu) iliyowahi kuunguzwa, hiyo ni habari nyingine. Pili, sheria hii inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, ndiyo maana maneno yaliyo kwenye karatasi yana uzito. Karatasi ya waranti iliyosainiwa inalipunguza nguvu lile tangazo la jumla lililochapwa chini ya risiti. Malalamiko ya mlaji na ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inayomlinda mnunuzi zaidi, kwani haki zake haziondolewi kwa tangazo la duka.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Nenda na laini yako inayofanya kazi, kebo na kichwa cha chaja unavyoviamini, earphone, na bando la intaneti. Omba dakika 30. Muuzaji anayekuharakisha kwa kuwa "kuna mteja mwingine anaitaka" amekwisha kukujibu.

Anza kwa kuifuta simu mbele yake, yaani factory reset kutoka ndani ya Settings, kisha iwashe upya na uiunganishe na intaneti kabla ya hatua nyingine yoyote. Hapo ndipo yanapojitokeza mambo matatu mabaya: akaunti ya Google ya mwenye simu wa zamani, Activation Lock ya iCloud (kufuli la akaunti ya Apple), na kufuli la simu ya mkopo. Ukikubali kukagua simu ambayo tayari imewashwa na kuchezewa na muuzaji, hutayaona.

Ikishafunguka, weka laini. Bonyeza *#06#, IMEI ikiwa tupu au sifuri, sehemu ya mtandao kwenye bodi imekufa au programu imevurugwa. Piga simu ya kweli ya dakika moja au mbili: sikiliza kwa spika ya sikioni, kisha spika ya nje, na muulize aliye upande wa pili kama anakusikia vizuri kwa njia zote mbili, kwa sababu simu nyingi zina maiki zaidi ya moja. Kama ni laini mbili, jaribu matundu yote mawili.

Kwa Samsung bonyeza *#0*#. Inafungua menyu ya majaribio: rangi nyekundu, kijani na buluu zikijaza kioo, mtetemo, spika, sensa, na sehemu ya tachi unayopaswa kuijaza yote kwa kidole. Sehemu isiyojaa ni tachi iliyokufa. Kwa Xiaomi ni *#*#6484#*#*. Simu feki ya "Samsung" kwa kawaida haina menyu hii.

Chomeka chaja, tikisa kebo taratibu. Chaji ikikatika, ama tundu limejaa vumbi la mfukoni, ambalo hutolewa kwa kijiti cha meno, ama sistimu chaji (kipande chenye tundu la chaji) imechoka. Angalia kama maandishi ya kuchaji haraka yanatokea. Yasipotokea kwa chaja sahihi, huenda sistimu chaji iliwahi kubadilishwa kwa ya kopi.

Piga picha kwa kamera zote, rekodi video ya sekunde 30 uisikilize, washa Wi-Fi na Bluetooth, sajili alama ya kidole au uso wako mwenyewe. Kwenye iPhone za vitufe kuanzia 5s hadi 8, kitufe cha nyumbani kimefungamana na bodi. Fundi wa mtaani akikibadilisha, kidole hakisomi tena. Face ID nayo inafungamana na bodi ya simu hiyo, hivyo ikishakufa usihesabu kwamba utaitengeneza kwa bei nafuu.

Muhimu kuliko vyote: kaa na simu ikiwa imewaka mfululizo kwa zaidi ya dakika kumi. Kuna iPhone hujizima na kuwaka kila baada ya dakika tatu hivi. Sababu ya kawaida ni kwamba simu haisomi sensa mojawapo, iliyopo kwenye waya wa chaji, waya wa kitufe cha kuwasha au betri, baada ya kipande cha kopi kufungwa. Mnunuzi anayekagua kwa dakika mbili haioni kamwe.

Nitajuaje kioo kimebadilishwa?

iPhone 11 na kuendelea, zikiwa na iOS 15.2 au mpya zaidi, zinasema zenyewe: Settings, General, About, sehemu ya Parts and Service History. Betri inaripotiwa kuanzia XR na XS, kamera kuanzia 12. "Genuine Apple Part" ni kipande halisi kilichofungwa na kusajiliwa. "Unknown Part" ni cha kopi, au ni halisi kilichotolewa kwenye simu nyingine bila kusajiliwa. Sehemu hiyo isipokuwepo kabisa kwa simu inayohusika, kwa kawaida simu haijaguswa vipande hivyo. Kwa iPhone za kabla ya hapo, kuanzia 8 na X, angalia True Tone (kioo kujirekebisha rangi kulingana na mwanga wa mahali): ikipotea kwenye mipangilio ya mwanga, huenda kioo kilibadilishwa.

Kwa Samsung na Android nyingine zilizotoka kiwandani na kioo cha AMOLED, fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwanga mpaka mwisho, funika simu kwa viganja uchungulie. AMOLED halisi inakuwa giza totoro, kwani nukta nyeusi zimezimwa. Kioo cha kopi cha aina ya LCD, kinachomulikwa na taa ya nyuma, kinatoa ukungu wa kijivu, kina fremu nyeusi pana kidogo, na juani hakisomeki. Kwenye simu yenye alama ya kidole chini ya kioo, kopi hiyo inaua kabisa alama ya kidole, maana sensa haioni kupitia taa ya LCD. Muuzaji atasema "ni programu tu, update itaisha". Si programu.

Kisha fungua picha nyeupe. Kivuli cha kibodi ya kuandikia au cha alama za juu kinachobaki pale ni kioo kilichoungua kwa matumizi, hakifutiki. Mstari wa kijani au wa waridi uliosimama wima ni ugonjwa wa kioo chenyewe, na dawa yake ni kioo kingine.

iPhone ya miaka minne inaonyesha betri 100%. Ni bahati?

Si bahati. Apple husema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Simu iliyotumika kila siku kwa miaka minne haiwezi kuwa na 100% kwa betri ya mwanzo. Ama betri imebadilishwa, ama seli ya kopi imechomelewa kwenye bodi ndogo ya betri ya zamani, ama takwimu imeandikwa upya kwa mashine ya fundi. Zipo mashine za kazi hiyo na si siri.

Asilimia 84 ya kweli ni bora kuliko 100 ya kuchonga. Njia ya kupima: acha video ya mtandaoni icheze dakika 15 mwanga ukiwa juu, uangalie chaji imeshuka kiasi gani na kama inashuka kwa kuruka, mfano kutoka 61 hadi 55 ghafla. Betri iliyochoka upinzani wake wa ndani hupanda. Kamera au simu ikihitaji umeme mwingi kwa mkupuo, volti inaanguka na simu inazima huku ikionyesha bado ina 30%.

Angalia pia simu kwa ubavu. Kioo au kava la nyuma lililonyanyuka hata kwa unene wa karatasi ni betri iliyovimba. Usiinunue, na kama tayari ni yako usiibonyeze wala kuitoboa. Ipeleke kwa fundi leo.

Nitajuaje kama ni simu ya mkopo ambayo haijamalizwa kulipwa?

Hili ndilo linaloumiza watu wengi sasa hivi. Simu za kulipia kidogo kidogo zinafungwa na kampuni ya mkopo kupitia mtandao. IMEI yake iko kwenye seva, hivyo factory reset haisaidii: simu ikigusa intaneti wakati wa kuwashwa upya, programu ya mkopo inajirudisha yenyewe. Muuzaji mjanja huiuza ikiwa na siku kadhaa zilizolipiwa, au fundi amezuia programu hiyo kwa muda. Inafanya kazi wiki mbili, halafu kioo kinajaa tangazo la deni la mtu usiyemjua.

Wakati wa kuiwasha upya kwa intaneti, tafuta maneno yanayosema simu inasimamiwa na shirika au kampuni. Baadaye ingia kwenye mipangilio ya usalama, kwenye orodha ya programu zenye mamlaka ya usimamizi wa simu, uone kama kuna usiyoitambua. iPhone za ofisi zina jambo kama hilo: juu ya Settings pataandikwa kwamba simu inasimamiwa.

Anayeahidi "kutoa mkopo" kwa kuflashi anakuuzia muda tu. Update moja ya programu inaweza kulirudisha kufuli.

Na simu ya wizi?

Tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Itakujibu aina na modeli ya simu. Jibu likisema modeli tofauti na uliyoishika, IMEI imebandikwa kutoka simu nyingine. Simu zenye IMEI bandia zilizimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na tangu hapo IMEI chafu ni simu inayoweza kukatika wakati wowote.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Bei ya chini kupita kiasi, bila boksi wala risiti, usiku stendi, ni sababu ya kuamini. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi ya mauziano yenye IMEI, majina, namba ya NIDA ya muuzaji na saini ya shahidi. Asiyetaka kuandika, muache.

iPhone kutoka Marekani ina shida gani?

Mbili. iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa Marekani kwa kawaida hazina tundu la laini kabisa; ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Uliza mtandao wako kwanza kama watakuhamishia laini kwenye eSIM. Ya pili ni kufungwa kwenye kampuni moja ya simu ya kule. Angalia About, mstari wa Carrier Lock: pasomeke "No SIM restrictions". Vinginevyo utauziwa ikiwa na kichipu chembamba kilichobandikwa chini ya laini ili kuidanganya simu. Toa trei ukague. Simu ya kichipu inapiga na kupokea leo, kesho ukifanya update inapoteza mtandao, na bei yake halali ni ya chini sana kuliko iliyo wazi.

Ilishaingia maji? Nitajuaje?

Toa trei ya laini, mulika tochi ndani ya tundu. Kwenye iPhone kuna kialama cheupe au cha fedha. Kikiwa chekundu, kiliguswa na maji. Simu nyingine zina kialama cha namna hiyo, mara nyingi ndani. Angalia pia ukungu kwenye lenzi ya kamera na kutu ya kijani kwenye pini za chaji. Simu zilizotumika Zanzibar, Tanga au Mombasa zinastahili mwanga wa tochi wa ziada kwenye tundu la chaji, kwani hewa ya chumvi inakula pini taratibu bila simu kuwahi kutumbukia popote.

Alama ya IP68 (ya kuzuia maji na vumbi) haikulindi. Gundi inayozuia maji huchoka, na ikishafunguliwa mara moja bila kuwekewa gundi mpya, imekwisha.

Ikiingia maji ikiwa yako: izime, usiichaji, ipelekwe kufunguliwa na kusafishwa bodi kwa pombe ya isopropili haraka iwezekanavyo. Mchele haufiki chini ya vifuniko vya bodi, na kutu haingoji.

Kipi kinafaa kutengenezwa, kipi si cha kuhangaika nacho?

Betri, sistimu chaji, spika, kava la nyuma, lenzi ya kamera: tengeneza bila wasiwasi. Kwenye Android nyingi sistimu chaji ni bodi ndogo ya peke yake yenye maiki, inayotoka kwa skrubu chache.

Kioo kinahitaji hesabu. Uliza bei ya kioo orijino kabla ya kununua simu, si baada ya kukivunja. Kuna simu za AMOLED ambazo kioo chake halisi kinakaribia nusu ya bei ya simu iliyotumika. Ukiivunja utalazimika kuweka kopi, na hapo alama ya kidole inakwenda. Kwetu kanuni ni hii: matengenezo yakizidi theluthi ya bei ya simu hiyo sokoni leo, iuze kama ilivyo.

Mazabodi ni kamari. Fundi hodari wa hadubini anaweza kuokoa, lakini mpe bodi kwa ajili ya kuokoa data, usinunue simu "inayohitaji kazi kidogo ya bodi". iPhone 7 ni mfano mzuri: bodi ikipindapinda, kiungo cha risasi chini ya chipu ya sauti kinakatika. Ukipiga simu, alama ya spika inakuwa kijivu haibonyezeki, na kurekodi sauti kunagoma. Muuzaji anasema ni maiki. Unabadilisha maiki, haiponi. Kuanzia iPhone X, nyingi zina bodi ya tabaka mbili zilizounganishwa kwa risasi, na simu ikianguka vibaya tabaka zinaachana: mtandao unapotea, sauti inapotea, huku nje simu haina hata mkwaruzo.

Fundi wa mtaani akiifungua, nimeua waranti?

Ya kampuni, mara nyingi ndiyo. Ya duka, soma karatasi. Wengi huweka stika ndogo ya kuvunjika kwenye skrubu au ukingo wa kava, na ikichanika wanakataa. Kwa hiyo ndani ya siku za waranti kila ugonjwa urudi dukani kwanza, hata kama fundi wako anauweza. Samsung iliyowahi kuflashiwa programu isiyo rasmi inaacha alama ya kudumu ya Knox (mfumo wa ulinzi wa Samsung), 0x1, isiyofutika kwa kurudisha programu halisi. Secure Folder, folda ya siri ya Samsung, haitafunguka tena.

Fundi naye anatakiwa anipe waranti?

Ndiyo, ya kipande na ya kazi, na mwezi mmoja hadi mitatu ni kawaida kwa betri na kioo. Lakini fahamu alivyofungwa yeye: muuza vipuri anarudisha kioo kikiwa bado na nailoni na stika yake. Ndiyo maana kioo kinajaribiwa kikiwa kimeunganishwa waya tu, kabla ya gundi. Simama hapo, jaribu tachi pembe zote, mwanga, sensa ya sikioni, kamera ya mbele. Baada ya gundi, yeye na wewe mmepoteza haki ya kukirudisha. Omba upewe kipande cha zamani.

Nifanye nini kabla ya kumwachia simu?

Toa laini. Aliye na laini yako na simu iliyo wazi anaweza kupokea ujumbe wa uthibitisho wa benki na kubadilisha nywila. Hifadhi data kwanza. Kwa Samsung mpya washa Maintenance mode, iliyopo kwenye sehemu ya utunzaji wa simu: fundi anajaribu kila kitu bila kuona picha wala ujumbe. Kama haina, baki hapo mpaka amalize. Kazi ya betri au sistimu chaji si ya kuacha simu usiku kucha.

Simu ya zamani sana lakini safi. Ninunue?

Angalia programu kabla ya usafi. WhatsApp ilianza kudai angalau Android 5 tangu Januari 2025, na iOS 15.1 tangu Mei 2025, hivyo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zilitoka. iPhone 7 imekomea iOS 15, iPhone 8 na X zimekomea iOS 16. Upande mwingine, Galaxy S24 na Pixel 8 ziliahidiwa miaka saba ya masasisho tangu zitoke, kwa hiyo zikiuzwa zimetumika bado zina maisha marefu.

Nimeona simu mtandaoni, muuzaji anataka nitume nusu ya hela kwanza ailete kwa basi.

Usitume. Simu isiyoweza kupigiwa *#06# mbele yako hujaikagua, na kuandikiwa waranti ya kitu ambacho hujakiona hakukusaidii. Kama yuko mkoa mwingine, tafuta ndugu au fundi aliye huko, mtumie orodha ya ukaguzi iliyo hapo juu, na hela ilipwe kaunta baada ya dakika 30 zile.